Simu Kwenye Meza ya Mayai

Holmes, Ohio
9 Januari

Dada Drusilla,

Salamu kwa jina la Bwana. Huku baridi imekaza, maji ya ng'ombe yanaganda kabla hawajamaliza kunywa, na kuku wanataga kwa kusuasua. Najua umeshtuka kuona mwandiko wangu, kwa kuwa huwa nakuandikia Krismasi tu, na barua ya Krismasi ulishaipata. Basi sitapiga chenga.

Figo za Atlee zimekufa. Daktari alitumia maneno marefu, lakini maana yake ndiyo hiyo. Ni ule ugonjwa wa ukoo wao, uliomzika baba yake, na sasa kaka zake wote wanao, kwa hiyo hakuna nduguye wa kumpa figo. Mimi nilijitolea. Damu yangu ikakataliwa.

Kwa sasa anasafishwa damu hapahapa nyumbani. Mfuko wa maji tunauning'iniza kwenye msumari wa jikoni, ule wa kutundikia nyama. Maji yanaingia tumboni kwa mpira, yanakaa, kisha yanatoka na uchafu wake. Jina lake liko kwenye orodha ya wanaosubiri figo ya marehemu. Ikipatikana, hospitali itapiga simu, na sisi lazima tupokee papo hapo, la sivyo inapewa mwingine.

Simu ya kibandani unaijua, ile ya familia nne kule barabarani. Inalia peke yake kama mbwa aliyefungwa. Nani ataisikia?

Nesi anataka tuwe na simu janja. Anataka tumpigie picha ya yale maji na ya kidonda pale mpira unapoingilia, kwa sababu uchafu ukiingia tumboni unaua. Unajua kanisa letu linavyokataza simu na umeme majumbani, lakini Askofu Yost amekubali kwa masharti. Simu iwe ya ugonjwa tu. Isipige picha ya sura ya mtu. Isilale ndani ya nyumba. Na Atlee akipona, irudishwe huko kwa watu wa nje.

Nilikwenda dukani na dereva wetu wa kukodi. Kijana wa pale akaniuliza, "Mama, wewe unapenda kutazama nini?" Nikamwambia napenda kutazama mume wangu akiwa hai. Akakimbia kumwita bosi wake. Nilitoka mikono mitupu, nikalia garini mpaka dereva akanipa leso yake.

Dada, nichagulie wewe. Naogopa kuchagua vibaya. Atlee hajui kwamba nakuandikia. Hii barua ichome.

Mdogo wako,
Malinda


Akron
15 Januari

Malinda mdogo wangu,

Barua sikuichoma. Jiko langu ni la umeme, ningeunguza vidole bure.

Nililia kwanza, nikamaliza, kisha nikavaa koti nikaenda madukani. Wale wazee ninaowapikia siku hiyo walikula supu ya kopo, na hakuna aliyekufa. Nimeshika simu mpaka mikono imenuka vioo. Kuna moja nyembamba, nzuri, kila mtu anaitaka, lakini ukiishika na mikono ya sabuni itateleza kama kambare, na chaji yake haifiki jioni. Wewe chaji utaitoa wapi? Kuna nyingine inakunjwa katikati kama kitabu cha nyimbo. Yule muuzaji aliisifia kama anaiposa. Kuna ya vitufe, rahisi, Askofu angeipenda, ila picha zake nesi asingejua kama anatazama kidonda au chapati.

Niliyokuchagulia ni nene na mbaya kwa sura, kama tofali. Wanaoinunua ni wajenzi. Inakaa na chaji siku kadhaa, na utaichaji kwenye betri ya taa za kigari cha farasi, waya nimeweka. Mlio wake unafika zizini. Kamera yake inaona karibu sana. Na mtandao unashika bondeni kwenu, nimeupima mwenyewe: Jumapili mlipokuwa ibadani nilizunguka na gari pale kwenu. Nimeona umepaka baraza rangi. Imependeza.

Kamera ya mbele nimeibandika utepe ili isione sura ya mtu. Video, habari na michezo nimeviondoa. Sasa ni mjinga wa kumtosha Askofu na mjanja wa kumtosha nesi.

Najua tangu kanisa liliponitenga huwezi kupokea kitu mkononi mwangu, na sitaki uulizwe mbele yao. Jumatano nitaiweka kwenye meza yako ya mayai kule barabarani, kisha nitaondoka. Wewe uje uokote kama mtu aliyeokota cha kwake.

Jambo moja, na hili nakuomba kwa magoti. Wape hospitali namba yangu iwe ya pili. Nimeibandika nyuma ya simu. Mimi simu naingia nayo hadi bafuni. Wakikukosa wewe, wanipate mimi, nami nitakuja hata kwa kuvunja sheria zote za barabara.

Ningemsalimia shemeji, ila umesema hajui. Basi msalimie kimoyomoyo. Mwambie kimoyomoyo vilevile kwamba bado namkumbuka alivyoanguka kwenye tope siku aliyokuja kukuposa.

Dada yako,
Drusilla


Holmes
22 Februari

Dada,

Simu niliikuta, na mayai sita sikuyakuta. Mwizi wewe! Ungesema tu ningekuwekea na siagi.

Inafanya kazi. Usiku inalala kwenye sanduku la kuni barazani, mchana iko mfukoni mwa aproni yangu. Kila asubuhi napiga picha ya maji na ya kidonda, nesi anajibu "vizuri." Neno hilo moja ndilo kifungua kinywa changu siku hizi.

Atlee amejua. Aliigeuza simu akaona namba iliyobandikwa nyuma. Hakuuliza ni ya nani. Jioni akasema, "Ni ngumu, imetengenezwa vizuri." Kwa mume wangu hayo ni mahubiri.

Kuhusu namba ya pili, usiwe na wasiwasi. Mambo ya hospitali yote yameshakaa sawa.

Ila kuna tatizo. Watu wasiojulikana wanapiga. Kuna mmoja anataka kutuuzia bima ya gari. Atlee alipokea, akamwambia tuna farasi. Yule mtu akauliza ni wa mwaka gani. Tulicheka mpaka mpira wa tumbo ukamuuma. Lakini wiki iliyopita tulikuwa kwenye mazishi ya mzee Enos, watu wameinamisha vichwa, na simu ikalia kwenye aproni yangu kama mbuzi anayechinjwa. Bima ya gari tena! Wanawake wote waligeuka. Askofu Yost alinisubiri mlangoni. Hakufoka, alisema tu, "Malinda, ikilia hivyo tena mbele ya watu, sitaweza kuwatetea."

Wakituchukulia simu tumekwisha. Tafadhali ifanye isilie ovyo. Jumamosi nitaiacha kwenye meza ya mayai, chini ya kitambaa.

Malinda


Akron
3 Machi

Mdogo wangu,

Umeiona imerudi? Niliitengeneza nikiwa garini, palepale. Sasa inalia kwa namba zilizoandikwa ndani yake tu: ya hospitali, ile iliyo kwenye karatasi zao, ya nesi, ya dereva wenu na yangu. Mwingine yeyote ataambulia ukimya. Muuza bima akatafute wenye magari.

Nilikuona dirishani. Ungepunga mkono basi. Kupunga hakujakatazwa, nimezisoma hizo sheria kabla ya kuzivunja.

Safari hii sikuiba mayai. Nilimwona shemeji anatoka zizini, amekonda hata kofia inamzidi, nikashindwa kushuka tena garini. Malinda, hukuniambia amekonda kiasi kile.

Drusilla


Holmes
11 Aprili

Dada,

Walipiga.

Jumanne mchana. Nilikuwa namenya viazi na simu ilikuwa mfukoni mwangu, imegusana na mwili wangu. Haikulia, haikutetemeka. Mwanamke wa hospitali alikuwa safarini akapiga kwa simu yake mwenyewe, namba tusiyokuwa nayo. Alipiga tena na tena. Nilipoitoa jioni nipige picha ya maji nikaziona zimejipanga, nikadhani ni wale wa bima. Nikaziacha. Dada, nilizitazama kwa macho yangu mawili nikaziacha.

Figo ilikuwa inamfaa. Nesi alitueleza asubuhi yake, kwa upole. Heri angefoka.

Atlee alisikiliza, akamshukuru, akaenda kumlisha farasi. Alikaa huko mpaka nikamfuata. Nilimkuta ameegemeza paji la uso kwenye shingo ya farasi. Nilirudi ndani bila kumwita.

Nitamwangaliaje usoni? Nitakula naye vipi? Nilikuomba uinyamazishe kwa sababu niliona aibu mbele ya wanawake kwenye mazishi. Aibu tu. Mtu anapoteza mume kwa sababu ya aibu?

M.


Akron
14 Aprili

Malinda,

Acha kujipiga. Kidole kilichoinyamazisha ni changu. Ningeweza kumpigia yule mwanamke nikamuuliza, "Bibi, huwa mnapiga kwa namba gani?" Dakika moja tu. Sikumpigia. Nilijiona najua simu.

Nimeshindwa kula. Jana kazini nilimwaga uji wa wazee, nikakaa sakafuni karibu nao.

Lakini kitu kimoja hakiniingii akilini. Wewe hukupokea, sawa. Mbona hawakunipigia mimi? Siku ile simu yangu ilikuwa mezani, nimeitazama mchana kutwa. Nilikuomba kitu kimoja tu, namba ya pili. Mbona hawakunipigia mimi?

Kesho sitakuwa nyumbani, na kesho kutwa vilevile. Nina shughuli hospitali, mambo yangu ya kawaida. Usiulize. Andika tu, barua nitaikuta.

Drusilla


Holmes
2 Mei

Dada,

Nimechelewa kujibu kwa sababu jibu lenyewe ni la fedheha.

Hawakukupigia kwa sababu namba yako hawana. Nilikudanganya. Siku ile nesi alipouliza namba ya pili, ya mtu wa karibu, nilifungua mdomo nitaje yako. Atlee akawahi. Akasema, "Ya kibandani." Mimi nikafunga mdomo. Aliyetengwa hawezi kuandikwa mtu wa karibu, ndivyo alivyoona. Na ya kibandani siku ile ililia, ikalia, ikanyamaza.

Nichukie mimi. Yeye usimchukie, hana nguvu ya kuchukiwa.

Maana kuna zaidi. Uchafu umeingia tumboni. Yale maji niliyapiga picha asubuhi yakiwa meupe kama maziwa yaliyokatika, na nesi hakuandika "vizuri," alipiga simu. Wamemtoa ule mpira. Sasa anatakiwa kwenda mjini kusafishwa kwa mashine, mara tatu kwa wiki, sindano nene kama msumari. Amekwenda wiki mbili. Juzi alirudi, akakaa jikoni na koti lake, akasema haendi tena baada ya wiki hii.

Nikamwambia, "Usipokwenda utakufa, Atlee." Akasema, "Najua." Nikamwambia tusubiri, watapiga tena. Akasema, "Walishapiga, Malinda. Mungu akaifunga simu. Ulitaka ajibu kwa sauti gani tena?"

Leo asubuhi amechukua nyundo akaung'oa ule msumari wa jikoni. Ukutani pamebaki tundu. Nimekaa nalitazama, mkate umeungua, watoto wamekwenda shule bila kula.

Nimemlilia, nimemkasirikia, nimewaita kaka zake. Kila mtu anaondoka akitikisa kichwa. Sijui tena nimwambie nini. Kama unajua neno lolote la kumwambia mtu wa namna hii, liandike, nitamsomea. Hata kama litamuudhi.

Malinda


Akron
5 Mei

Malinda, soma barua hii kwa sauti, yeye akiwa amekaa mbele yako. Usiruke hata mstari.

Shemeji Atlee,

Mimi ni Drusilla. Ni yuleyule unayemdhania.

Mungu hakufunga ile simu. Niliifunga mimi, kwa kidole hiki cha kulia, nikiwa nimekaa garini mbele ya meza yenu ya mayai. Nilikwenda kwenye sehemu ya kunyamazisha wageni, nikabonyeza, nikafurahi. Ukitaka kufa, kufa, lakini usife kwa kumsingizia Mungu kazi ya kidole changu. Hilo sitalikubali.

Sasa sikiliza. Tangu Aprili nimekuwa nikienda hospitali. Wamenitoa damu hadi nimeona nyota. Wamenipima mkojo, moyo, mapafu, hata akili, na akili wamesema ninayo, mwambie Malinda asicheke. Sikumwambia mtu kwa sababu niliogopa kuwapa matumaini halafu yavunjike tena. Jana wamenijibu. Figo yangu inakufaa. Iko tayari. Kinachokosekana ni wewe kusema ndiyo, na uchafu wa tumboni upone kwanza, na ili ufike huko lazima uende kwenye ile mashine yako ya sindano. Daktari hakunificha kwamba inaweza kushindikana. Mimi naogopa kisu, nakwambia ukweli. Huwa nafumba macho hata nikikata kuku.

Najua utakachosema. Utasema mtu wa kanisa hapokei kitu mkononi mwa aliyetengwa. Sawa. Na mimi nimelelewa humohumo. Nilipokuja mazishi ya mama mlisogeza karibu meza mbili, yangu na yenu, mkatandika kitambaa kimoja juu ili nisiuone mwanya, nami nilikula upande wangu huku nikiupapasa ule mwanya chini ya kitambaa kwa kidole. Sheria naijua kuliko unavyodhani.

Kwa hiyo sikupi mkononi. Daktari ataitoa figo kwangu, ataiweka mezani. Hapo mkono wangu haupo, nitakuwa nimelala. Wewe utaokota, kama Malinda alivyoiokota simu. Mbona simu uliitumia, shemeji? Uliigeuza ukaona namba yangu, ukajua ilikotoka, ukasema imetengenezwa vizuri. Na mimi nilitengenezwa na Mungu huyohuyo.

Sikuombi unirudishe kanisani. Sikuombi hata unisalimie. Mdogo wangu analitazama tundu ukutani. Nakuomba uende kwenye mashine Jumatatu. Jumatatu tu. Halafu ya Jumatano tutayaona Jumatano.

Nakuomba. Sijawahi kukuomba kitu.

Drusilla


Holmes
19 Mei

Drusilla,

Malinda alinisomea barua yako mara mbili. Mara ya pili nilimwomba mimi. Kwenye kuku alicheka, kisha akalia, kisha akaniachia barua akatoka.

Mimi si mtu wa kuandika. Natengeneza viti, na mtu akikaa asianguke basi nimemaliza maneno.

Nilikwenda Jumatatu. Nikaenda na Jumatano.

Nilikwenda pia kwa Askofu Yost. Nilimkuta anakamua. Nilimweleza habari ya meza kama ulivyoiandika, na sikusema ni mawazo ya nani, ingawa alijua. Alimkamua ng'ombe hadi tone la mwisho. Mwisho akasema, "Chakula kikishawekwa mezani, mwenye njaa na ale." Akachukua ndoo yake akaingia ndani. Nadhani alikuwa analia, lakini simsemei mtu.

Siku ya kikao chako kanisani nilisimama nikasema ndiyo, atengwe. Sitakudanganya kwamba najuta kushika kiapo changu. Nawe hukuniuliza habari hizo, umenipa figo. Vitu hivi viwili nimevigeuza kichwani wiki nzima kama mbao mbili zisizokutana, na sijapata gundi. Huenda nikafa kabla ya kuipata. Daktari naye hakunificha.

Naogopa, Drusilla. Malinda hajui ni kiasi gani.

Msumari nimeurudisha palepale. Hauna kazi sasa, lakini alikuwa analitazama sana lile tundu.

Jana hospitali nesi aliniuliza tena namba ya pili. Nikaitaja yako. Nilikuwa naijua kwa kichwa tangu siku ile niliyoigeuza simu. Akauliza, huyu ni nani wako? Malinda akanitazama. Nikamwambia, "Ni dada yetu."

Wanasema watapiga tumbo likisafika, na siku ikiwa imepangwa. Hawajui watapiga kwa namba gani. Kwa hiyo ya kwetu Malinda amempa nesi akaifungua, sasa inalia kwa kila mtu. Asubuhi ya leo ililia wakati wa sala, tukapokea, kumbe bima ya gari.

Nawe kaa na yako karibu. Ikilia kwa namba usiyoijua, pokea.

Atlee